Vijinzi vya Maofisini Tunavifuga Wenyewe

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumezoea kuitumia katika mambo makubwa, kama vile hiana ya jamaa au hujuma ndani ya ushirika. Leo naomba ndugu wasomaji waniwie radhi nikiitumia katika jambo linaloonekana dogo: vyungu vya maua vilivyomo ndani ya ofisi na nyumba zetu, na wale wadudu weusi wadogo warukao juu yake, wanaotuingia puani, wakatua katika kikombe cha chai na juu ya karatasi za mkutano.

Udogo wa jambo usitudanganye. Kwa sababu ya wadudu hao nimeshuhudia mfanyakazi asiye na hatia akiandikiwa barua ya kujieleza, chumba cha watu kikipuliziwa sumu, na mimea mizuri ikifa. Chanzo cha yote hayo hakikuwa kwa wadudu wala kwa mfanyakazi yule. Kilikuwa katika mikono yetu sisi tulioshika maji tukayamwaga bila ya kipimo.

NJIA YA MGUNDA MKALI

Mambo haya yalinikuta Tabora. Mtu wa Unguja au Pemba aendapo Tabora haendi ugenini moja kwa moja. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hata ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji, ilikanyagwa na watu wa kwetu kwa muda mrefu katika karne ya 19. Hamed bin Muhammed, aliyefahamika zaidi kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja, lakini baba yake alikuwa na makazi yake Tabora. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa njia hiyo, wakibeba mizigo mabegani kutoka bara hadi pwani na kurudi. Historia hiyo ina aibu yake kubwa, kwani pamoja na pembe za ndovu walipitishwa humo binadamu waliofungwa minyororo, na hatuna ruhusa ya kulisahau hilo.

Lakini wapagazi wa njia ile wametuachia somo moja ambalo halijachakaa, nalo ni somo la kupima maji. Kabla ya kufika Unyanyembe ilikuwa lazima kuvuka nyika ya vichaka na kiu iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliivuka mwaka 1857 na kuingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Aliyemaliza maji yake mapema katika nyika hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Siku hizi mtu hupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kisha akashika basi kwa njia ya Manyoni, Itigi na Chaya, akaipita nchi hiyo huku amesinzia na chupa ya maji imelala kando yake.

Mji wa Tabora wenyewe unaijua kiu. Mvua zake huanza kiasi cha Novemba na kukoma Aprili au Mei, na baada ya hapo ardhi hukauka ikapasuka. Kwa miaka mingi wakazi walitegemea bwawa la Igombe pamoja na visima, na foleni za ndoo hazikuwa jambo la kushangaza. Katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa mjini humo kwa bomba. Hiyo ni neema, na neema hapana budi ishukuriwe. Ila neema nayo ina adabu zake, na hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

BARUA YA KUJIELEZA

Nilikaa Tabora kwa wiki sita kwa shughuli za kikazi. Ofisi iliyonipokea sitaitaja, kwa kuwa yaliyotokea humo yanaweza kutokea katika ofisi yoyote ya bara au ya visiwani. Katika ukumbi wake wa wageni vilipangwa vyungu kumi na viwili vya maua. Miongoni mwa mimea hiyo ulikuwemo mmoja wenye majani manene yang'aayo kana kwamba yamepakwa mafuta. Wataalamu huuita Zamioculcas. Asili yake ni upande huu wetu wa mashariki ya Afrika, Zanzibar ikiwemo, na katika masoko ya nje hupewa jina lenye kutaja visiwa vyetu. Tangu wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuueneza katika miaka ya 1990, umejaa maofisini na majumbani duniani kote.

Mmea huo una viazi chini ya udongo ambavyo kazi yake ni kuweka akiba ya maji, mfano wa vibuyu vya wapagazi wa zamani. Ni mmea uliojiandalia ukame wenyewe. Basi mwana huyo wa pwani yetu nilimkuta Tabora majani yamegeuka manjano, mashina yamelegea, anaoza kwa wingi wa maji.

Nilingoja katika ukumbi ule asubuhi nyingi. Kila nilipoletewa chai, baki lake nililimimina chunguni, nikidhani nimefanya wema. Wageni wengine walimalizia humo maji ya chupa zao. Na mama anayefanya usafi alikuwa na agizo la maandishi, lililobandikwa ukutani na kupigwa muhuri, kwamba vyungu vyote vimwagiliwe kila siku asubuhi. Hivyo chungu kimoja kilinyweshwa mara tatu au nne kwa siku, na kisahani cha chini yake hakikupata kukauka.

Vijinzi vikaongezeka. Siku ya kikao kimoja vilizagaa juu ya meza kiasi cha kuwafanya waheshimiwa wapunge makaratasi badala ya kuyasoma. Afisa mmoja akaamuru madirisha yafungwe na ukumbi upuliziwe dawa ya kopo. Tuliporejea baada ya nusu saa, watu walikohoa, na mzee mmoja mwenye maradhi ya pumu ilibidi atolewe nje akahemee chini ya mwembe. Siku ya tatu vijinzi vilikuwa vimerudi kama kwamba hapakutokea jambo.

Ndipo lawama ikatafuta pa kuangukia, na kama ilivyo ada ikaangukia chini. Mama wa usafi aliandikiwa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua kwa uzembe uliozalisha wadudu na kuua maua ya ofisi. Nilipomwamkia asubuhi ile aliitikia kwa sauti ndogo, kisha akaitoa barua mfukoni.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe umesoma. Nitazamie kosa langu liko wapi. Waliandika nimwagilie kila siku, nami sijakosa hata siku moja."

Nilitazama agizo la ukutani, nikakitazama kikombe changu, nikaona haya.

ADUI NI NANI?

Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika vitalu vya miti, ambaye siku hiyo alifika ofisini kwa shida zake mwenyewe. Hakusema mengi. Aliomba gazeti kuukuu, akalitandaza sakafuni, akakipindua chungu kimoja na kuutoa mmea pamoja na udongo wake. Mizizi iliyopaswa kuwa myeupe ilikuwa ya hudhurungi, na ilichubuka mara ilipoguswa. Udongo ulinuka uvundo. Na katika udongo wa juu, kina cha vidole viwili hivi, walitambaa viluwiluwi vyembamba kama uzi, miili yao ikipenya nuru, kila kimoja na kichwa cheusi kinachong'aa.

Hao ndio watoto wa vijinzi tulivyokuwa tukivifukuza hewani. Wataalamu wanaviweka katika jamii ya Sciaridae, na vilivyo mashuhuri zaidi katika vyungu vya ndani ni vya nasaba ya Bradysia. Kijinzi kizima kina urefu wa milimita 2 hadi 4, miguu mirefu, na huruka kwa ulegevu, kikipenda zaidi kutembea juu ya udongo. Watu wengine hukiita usubi, lakini usubi huuma na hiki hakiumi. Wengine hukidhania kuwa mbu mchanga, ilhali mbu hazaliwi katika udongo bali katika maji yaliyosimama. Wala si wale vijinzi wa matunda tunaowaona wakizunguka embe lililoiva kupita kiasi. Anayetaka kuhakikisha akitikise chungu: vikiruka kutoka udongoni, jawabu limepatikana.

Maisha yake ni mafupi lakini yana mpango. Jike huishi kiasi cha wiki moja, na katika muda huo huweza kutaga mayai 100 hadi 200 katika nyufa za udongo wenye unyevu. Katika joto la nyuzi 24 hivi mayai huanguliwa baada ya siku tatu. Kiluwiluwi hula kwa muda wa siku kumi au zaidi, kisha hujifunika na kubadilika, na baada ya siku nne hutoka na mbawa. Kwa hesabu hiyo, siku 17 zinatosha kukifanya kizazi kimoja kizae kingine.

Chakula kikuu cha kiluwiluwi ni kuvu, ukungu na vitu vinavyooza. Kuvu hustawi pale penye unyevu usiokauka na mboji mbichi. Chakula kikipungua, au idadi ikizidi, viluwiluwi hugeukia vinyweleo vya mizizi, na hapo mmea hunyauka hali umekaa ndani ya maji. Aliye mjinga wa jambo hili akiuona umenyauka hudhani una kiu, akauongezea maji, na kwa kufanya hivyo akamwongezea adui chakula.

SUMU SI JAWABU

Sasa msomaji ataona kwa nini kopo la sumu halikufaa kitu. Sumu ile iliua vilivyokuwa hewani siku ile, navyo vilikuwa vimebakiwa na siku chache tu za kuishi. Mayai, viluwiluwi na vile vilivyokuwa vikijibadilisha vilibaki salama udongoni, kila kundi likingoja zamu yake. Aliyedhurika ni mzee mwenye pumu.

Wazee wetu waliokuwa vijana mwaka 1973 watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kusikiliza vijijini. Kampeni ile haikuwafundisha wananchi kumkimbiza mbu mmoja mmoja. Iliwafundisha kufukia madimbwi na kufyeka vichaka karibu na nyumba, yaani kukiendea chanzo. Sisi wa visiwani tumeyaona manufaa ya mwendo huo katika vita vyetu vya miaka mingi dhidi ya malaria. Kijinzi cha chunguni kinataka mwendo uleule. Dimbwi lake ni udongo tuliouloweka wenyewe.

LA KUFANYA

Yafuatayo tuliyafanya katika ukumbi ule, na kila mwenye chungu nyumbani au ofisini anaweza kuyafanya bila ya gharama kubwa.

Kwanza kabisa, maji yazuiwe. Mtu atie kidole udongoni hadi pingili ya pili. Akihisi ubichi, asimwagilie. Mimea mingi ya ndani huvumilia udongo wa juu kukauka sentimita 3 hadi 5, na yenye viazi au majani manene, kama ule wa kwetu na mshubiri, hungoja hata wiki kadhaa. Mayai na viluwiluwi havistahimili ukavu huo.

Pili, visahani vimwagwe. Baada ya kumwagilia, ingoje nusu saa, kisha maji yaliyochuruzika yamwagwe nje. Chungu kisicho na tundu chini kitobolewe au kibadilishwe.

Tatu, adui apimwe. Kata kipande kinene cha mbatata, au kiazi mviringo kama wasemavyo ndugu zetu wa bara, ukilaze juu ya udongo huku upande uliokatwa ukitazama chini. Baada ya siku mbili au tatu kifunue. Viluwiluwi hukifuata, na mtu huvihesabu kwa macho yake, kisha akakitupa kipande hicho mbali pamoja navyo. Kwa vile vinavyoruka, simamisha chunguni kipande cha karatasi ya manjano iliyopakwa ulimbo au mafuta mazito. Rangi hiyo huviita, navyo hunata hapo kabla ya kutaga.

Nne, udongo uliovunda ubadilishwe. Mmea uliooza mizizi ukatwe sehemu mbovu, upandwe upya katika udongo uliochanganywa na mchanga ili upitishe maji. Samadi mbichi na mabaki ya chai visitiwe chunguni. Tabaka la mchanga mkavu juu ya udongo husaidia uso wake kukauka upesi, ingawa peke yake halitoshi.

Tano, ikiwa vyungu ni vingi na hali imezidi, ipo dawa inayokiendea kiluwiluwi mwenyewe. Ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis wa aina ya israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976. Kiluwiluwi akimmeza huharibika utumbo akafa, lakini kijinzi kizima hakidhuriki, na ndiyo maana hapana budi dawa irudiwe kwa wiki kadhaa. Nchi yetu si mgeni wa bakteria huyo. Kiwanda cha Kibaha, kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa ujuzi wa Cuba, kilijengwa kwa ajili ya kutengeneza viuadudu vya namna hiyo dhidi ya viluwiluwi vya mbu. Lakini kila dawa ina kipimo na matumizi yake yaliyoandikwa, basi anayetaka kuitia chunguni amuulize kwanza afisa wa kilimo.

Yote haya yaendelee kwa wiki nne bila ya kukatiza, ili pasibaki kizazi cha kurithi. Katika ukumbi ule tulianza na mbatata. Kipande cha kwanza kilikuwa na viluwiluwi zaidi ya ishirini. Wiki ya tatu hapakuwa na hata kimoja. Mimea miwili ilikufa, kumi ikapona, na ule wa pwani ulitoa chipukizi kabla sijaondoka.

KUTOKA CHUNGUNI HADI KITALUNI

Pengine atatokea mtu aseme kwamba maua ya ofisini ni anasa na hayastahili safu ya gazeti. Namjibu kwamba udongo wa chungu na udongo wa kitalu una sheria moja. Tabora ni nchi ya tumbaku na ya misitu ya miombo. Ukaushaji wa tumbaku umekula kuni nyingi, na miti inayokatwa haina budi ipandwe mingine. Kila mche huanza maisha yake ndani ya kiriba kidogo. Kiriba kikiloweshwa kutwa kucha, huzaa kuvu, na kuvu hualika vijinzi. Navyo vijinzi huweza kubeba mbegu za maradhi ya kinyausi kutoka kiriba hadi kiriba, hata miche ikalala shingo chini kabla ya kupelekwa shambani.

Hali kadhalika kwetu visiwani. Mche mchanga wa mkarafuu hautaki kukauka, na mkulima wa Pemba hahitaji kufundishwa hilo. Lakini unyevu si mafuriko. Kitalu chenye udongo unaopitisha maji, kivuli cha kiasi na mwagiliaji anayegusa udongo kabla ya kunyanyua kopo, ndicho kitakachotoa miche ya kugawiwa wananchi.

Chuoni tulipokuwa wadogo maalimu wetu alitukataza israfu ya maji hata katika kutawadha. Skuli nako mwalimu wa kilimo alitufundisha kwamba mzizi nao hupumua. Nilidhani hayo ni masomo mawili mbalimbali. Imenibidi nifike Tabora, nikiwa mtu mzima mwenye dhamana, ndipo nikafahamu kuwa ni somo moja.

Kabla ya kuondoka nilimwendea mkuu wa ofisi ile, nikamweleza yote, pamoja na chai yangu. Ni mtu msikivu. Agizo la ukutani liliondolewa siku ile ile, na badala yake likawekwa jingine lisemalo udongo uguswe kwanza, na wageni wasimwage kitu chunguni. Kuhusu barua ya mama yule, alisema kwa kicheko kwamba hayo yamekwisha. Lakini kwa nilivyofahamu mimi, barua imo katika jalada lake mpaka leo, na hapana karatasi iliyoifuata ya kuifuta.

Hapo ndipo ninapowageukia ndugu zangu maofisa, wa bara na wa visiwani. Tunapoona kasoro mahali petu pa kazi, tusianze kwa kupulizia sumu hewani wala kwa kumwandikia barua aliye chini kabisa. Tulisome kwanza agizo tulilolibandika wenyewe. Na tukiona kwamba kosa lilikuwa letu, tuliseme kwa maandishi, kama tulivyoandika lawama. Mama yule anakaribia kustaafu. Karatasi moja ya kumsafisha jina ingegharimu kidogo kuliko lile kopo la dawa.